Mguu mmoja ukivimba kwa mgonjwa wa kansa

Kuna swali naulizwa karibu kila kliniki na ndugu wa wagonjwa: "Dokta, kansa si iko kwenye kongosho, sasa huu mguu unavimba kwa sababu gani?" Na kabla sijafungua mdomo mtu ashajijibu mwenyewe, eti amelala sana, eti dawa ni kali mno, eti alikaa vibaya kwenye kiti. Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu, na hayo majibu yote yana ukweli kidogo, ila yanaacha nje kitu kikubwa kuliko vyote, kwamba kansa yenyewe inagandisha damu. Yaani mguu unavimba kwa sababu ndani ya mshipa wake kuna bonge la damu iliyoganda, na hilo bonge halikuja kivyake tu likamkuta mtu anaumwa kansa, limetengenezwa na huo huo ugonjwa.

Jambo hili wala sio jipya. Armand Trousseau, daktari wa Paris, alilifundisha kwenye mihadhara yake mwaka 1865, kwamba ukiona mtu damu inamganda ganda kwenye mishipa bila sababu ya maana, shuku kansa iliyojificha tumboni. Miaka miwili baadaye mshipa wake mwenyewe ukaganda damu, akaelewa palepale maana yake nini, na mwaka huohuo wa 1867 akafa kwa kansa ya tumbo. Hadi leo madaktari wanaliita tatizo hili kwa jina lake, na nadhani hakuna mtu angependa kupata heshima ya namna hiyo.

Sasa inakuwaje. Kwa kawaida damu ikiwa ndani ya mshipa inatakiwa itembee tu, isigande. Kinachoamsha kuganda ni protini moja inaitwa tishu fakta, na mwili umeiweka kwa akili sana, iko kwenye seli zilizo nje ya mshipa, kwahiyo haikutani na damu mpaka mshipa ukatike. Ukijikata, damu inamwagika, inakutana na hiyo protini, moto unawaka: kimeng'enya kinaamsha kingine na kingine mpaka inapatikana thrombini, na thrombini ndio inageuza protini iliyoyeyuka kwenye damu kuwa nyuzi za fibrini, nyuzi zinanasa seli za damu, bonge limepatikana. Safi kabisa, kidonda kimeziba.

Shida ni kwamba seli nyingi za kansa zinabeba tishu fakta kwenye ngozi zao, tena kwa wingi, na hazina adabu ya kukaa nayo nje ya mshipa. Zinamega vipande vidogo vidogo vya utando wao, vidogo kuliko seli yenyewe mara nyingi tu, na hivyo vipande vinaingia kwenye damu vikiwa vimebeba ile protini. Kwahiyo taarifa ya "tumejeruhiwa, ganda" inazunguka mwili mzima wakati hakuna jeraha lolote. Ndo maana uvimbe uko kongosho lakini bonge linatokea kwenye shavu la mguu, pale ambapo damu inatembea polepole kuliko sehemu nyingine.

Juu ya hapo kuna mengine yanaongezeka. Rudolf Virchow tangu katikati ya karne ya 19 alishatupa msingi ambao mpaka leo tunautumia: damu kusimama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na tabia ya kuganda. Mgonjwa wa kansa anayo yote matatu kwa wakati mmoja, hapo ndo utaona wale ndugu hawakukosea kabisa. Amelala kitandani muda mrefu, au uvimbe unabana mshipa kwenye nyonga, damu inasimama. Dawa za kansa kama sisplatini zinaumiza ukuta wa mshipa, na ule mpira unaowekwa kwenye mshipa mkubwa kupitishia dawa nao unaukwaruza. Tamoksifeni, dawa ya kansa ya titi, inaongeza hatari, na wenye kansa ya uboho tunaowapa lenalidomidi pamoja na deksamethasoni wanahitaji kinga ya damu kuganda karibu wote. Kwahiyo dawa zipo kwenye kesi, sikatai, ila mshtakiwa namba moja ni uvimbe.

Na kansa hazilingani. Kongosho na tumbo ndio zinaongoza, ubongo nao uko juu, mapafu na ovari zinafuata karibu. Titi na tezi dume hatari yake kwa mgonjwa mmoja mmoja ni ndogo zaidi, ingawa kwa sababu wagonjwa wake ni wengi bado tunakutana nao. Kansa za ubongo zina njia yao nyingine kabisa, seli zake zina protini inaitwa podoplanini ambayo inashika chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha, moja kwa moja na kuziamsha. Kila kansa na ujanja wake.

Hapa ndo pananivutia kuliko pote, na watu wengi hawapajui. Kuganda huku kunaisaidia kansa yenyewe. Seli ya kansa ikichomoka kwenye uvimbe na kuingia kwenye damu iko kwenye hatari kubwa, mkondo unaipiga, askari wa kinga wanaiona, nyingi zinafia humo humo. Lakini ile yenye uwezo wa kugandisha inavutia chembe sahani zinaizunguka pande zote kama blanketi, seli za kinga zikipita hapo hazioni adui, zinaona chembe za mwili wenyewe. Halafu hizo chembe sahani zinamwaga kemikali zinazoifanya seli ya kansa ilegee, iachane na tabia za tishu ilikotoka na iweze kupenya ukuta wa mshipa upande wa pili. Mwaka 1968 Gabriel Gasic na wenzake walipunguza chembe sahani kwenye panya, na kusambaa kwa kansa kukapungua. Thrombini nayo ina mlango wake kwenye seli za kansa, ikiugonga seli zinapata amri ya kukua na kusogea. Usije ukachukua hapa ukaenda kunywa dawa za kuyeyusha damu ukidhani unatibu kansa, kutoka panya mpaka binadamu safari ni ndefu na majaribio ya kutumia dawa hizo ili watu waishi zaidi hayajatoa jibu la kuridhisha.

Turudi kwenye mguu. Ukivimba mmoja tu, ukiuma, ukiwa wa moto au rangi imebadilika, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Kipimo chenyewe hakina maumivu wala sindano, ni ultrasaundi, na mgonjwa akiangalia skrini nae anaweza kuelewa. Unaweka kifaa kwenye kinena, unaona duara mbili nyeusi zimekaa jirani, moja inadunda, hiyo ni ateri, nyingine ni vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Unabonyeza kidogo. Vena isiyo na bonge inakunjika inapotea kabisa kwenye skrini, ukiachia inarudi. Yenye bonge inabaki duara vilevile hata ubonyeze vipi, maana ndani kuna kitu. Unashuka hivo hivo kwenye paja mpaka nyuma ya goti. Kile kipimo cha damu cha D-dimeri, kinachotafuta mabaki ya bonge linalovunjika, ambacho kwa watu wengine kinasaidia sana, kwa mgonjwa wa kansa mara nyingi kinakuwa juu tu hata kama hakuna bonge, kwahiyo kikiwa juu hakijaniambia kitu.

Tunachoogopa sio mguu. Kipande kinaweza kukatika kikapanda mpaka kwenye mapafu, hapo mtu anashindwa kupumua ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, mapigo yanaenda mbio, wengine wanazimia. Kwa wagonjwa wanaotumia kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, huku wakiishi nyumbani, mabonge ya damu ni moja ya sababu kubwa za vifo baada ya kansa yenyewe, yanakimbizana na maambukizi.

Kwenye matibabu tumetoka mbali. Zamani kila mtu alipewa wafarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, ambayo kwa mgonjwa wa kansa ni usumbufu mtupu, anatapika, hali, dawa zake zinagombana nayo, leo damu nzito kesho nyepesi. Mwaka 2003 ukatoka utafiti wa CLOT ukalinganisha wafarini na sindano za daltepareni, nazo za kuzuia damu kuganda, ndani ya miezi 6 bonge lilirudi kwa takriban asilimia 17 ya waliokuwa kwenye wafarini na asilimia 9 ya wa sindano. Tukahamia kwenye sindano kila siku, matumbo ya watu yakajaa madoa ya bluu. Kuanzia 2018 majaribio ya edoksabani na rivaroksabani, halafu apiksabani mwaka 2020, yakaonesha vidonge vinafanya kazi hiyo bila kuzidiwa na sindano. Ila mwenye uvimbe kwenye tumbo au utumbo ambao haujatolewa, baadhi ya vidonge hivi vinaongeza kutoka damu pale pale kwenye uvimbe, kwahiyo huyo mara nyingi namwacha kwenye sindano hata akininunia.

Swali la upande wa pili nalo linakuja sana: mimi sina kansa, nimepata bonge mguuni bila sababu, nifanyiwe CT, ile picha ya ndani ya mwili, ya mwili mzima? Utafiti wa Canada uliotoka 2015 ulijibu vizuri. Watu zaidi ya 800 wa aina hiyo waligawanywa, wengine wakapata vipimo vya kawaida na wengine wakaongezewa CT ya tumbo na nyonga. Waliokutwa na kansa ndani ya mwaka walikuwa karibu asilimia 4 tu kwa jumla, na CT haikuleta tofauti ya maana. Kwahiyo mtu wa hivyo nitamsikiliza historia yake, nitampima mwili vizuri, damu ya kawaida, eksirei ya kifua na vile vipimo vya kansa ambavyo kwa umri wake alitakiwa awe ameshafanya. Akiniambia amepungua uzito bila kutaka, au bonge linarudi tena akiwa anameza dawa vizuri, hapo sasa CT naandika mwenyewe bila kuombwa.

Na dawa mpaka lini? Miezi 6 kwa kuanzia, ikifika hapo tunaangalia kansa imefikia wapi. Kama bado ipo au kemo inaendelea, dawa inaendelea, maana kinachogandisha bado kiko ndani.