Bastola ghali na alama za shabaha
Wengi huamini kwamba kadiri bastola ya shabaha inavyokuwa ghali, ndivyo alama zinavyopanda. Imani hii inaeleweka, maana mabingwa hushika za bei kubwa. Lakini kwenye bastola ya upepo ya mita 10, duara la kumi, yaani lile la katikati lenye alama kumi, lina kipenyo cha milimita 11.5, na hata bastola ya mashindano ya bei ya kati, ikifungwa imara, hutoboa matundu yanayogusana. Kinachotawanya risasi ni mkono na kidole. Ukiwa uwanjani, iegemeze kwenye mfuko wa mchanga upige tano, kisha tano kwa mkono mmoja, ulinganishe karatasi. Mimi ningelipia kwanza mpini unaojaa kiganja vizuri, na kifyatulio laini ambacho uzito wake wa kuvuta haushuki chini ya gramu 500 za kanuni.