Marathoni ya 4:01: dakika ile moja ilipotelea wapi

Mkimbiaji aliyelenga kumaliza marathoni chini ya saa nne akimaliza kwa 4:01:20, cha kwanza kulaumiwa ni kilomita tatu za mwisho. Anajiambia alilegea, kwamba angekaza kidogo tu angefika. Mimi hufundisha wakimbiaji wa kawaida, na kila baada ya mbio huipitia rekodi ya saa zao kilomita kwa kilomita. Mara nyingi dakika ile haikupotelea mwishoni. Ilishaanza kupotea kabla ya kilomita ya 15, na sehemu yake ilipotea hata kabla ya mbio, kwenye hesabu.

Marathoni ni kilomita 42.195. Ukigawa saa nne kwa umbali huo unapata 5:41 na ushei, yaani dakika tano na sekunde 41, kwa kilomita. Mkimbiaji anaishika namba hiyo, saa ya mkononi inamwonyesha wastani wa 5:41 mwanzo mpaka mwisho, na bado anavuka mstari kwa 4:02. Kisa ni kwamba saa yake imehesabu kilomita 42.6. Njia ya mbio zilizothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji hufuata njia fupi kuliko zote: kila kona anaikata kwa ndani, sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita, jumla mita 42 hivi, ili njia isije ikapungua. Katikati ya umati hakuna anayeweza kuufuata mstari huo wote. Ongeza na makosa ya setilaiti ambazo saa hupimia umbali, ndiyo maana saa nyingi husoma zaidi ya 42.195 mwishoni.

Chukua kona moja ya nyuzi 90. Ukiipiga mita nne nje ya mstari wa mpimaji, umejiongezea zaidi ya mita sita. Kona 40 za namna hiyo ni mita 250, na kwa kasi ya 5:41 hizo ni karibu dakika moja na nusu. Dakika yako hiyo hapo, na miguu haina kosa lolote. Dawa yake ni kuitazama kona inayofuata ungali mbali, mita 150 hivi, na kusogea taratibu kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo wa kona hii hadi ukingo wa ile. Kilomita mbili za mwanzo usipenyepenye kati ya watu. Kupenya kunaongeza mita na kunachosha, na sekunde unazookoa ni chache.

Kwa hiyo saa ya mkononi isiwe hakimu wako. Zima mpangilio unaoifanya ikate kilomita yenyewe, halafu bonyeza kitufe kwa mkono kwenye kila kibao cha kilomita. Kasi ya papo hapo hurukaruka kati ya majengo marefu na chini ya madaraja, na nimeona watu wakiongeza mwendo bila sababu kwa kuiamini. Lenga 3:59:00, si 4:00:00. Hiyo inakudai sekunde moja na nusu tu zaidi kwa kilomita, yaani 5:40, na inakuachia dakika nzima ya kamba za viatu. Andika mkononi kwa kalamu: kilomita 10 kwa 56:38, nusu kwa 1:59:30, kilomita 30 kwa 2:49:55, kilomita 40 kwa 3:46:34.

Jihadhari pia na mwekaji kasi mwenye bendera ya saa nne, yule anayekimbia kwa mwendo wa lengo hilo ili wengine wamfuate. Chipu yako, kile kifaa kidogo kinachorekodi muda wako, huanza kuhesabu unapovuka mstari wa kuanzia, yake naye anapovuka. Ukimtangulia sekunde 50 mwanzoni, kisha ukamaliza naye bega kwa bega, yeye akipata 3:59:50 wewe una 4:00:40. Kumbuka sekunde ulizomtangulia, au anza nyuma yake.

Sasa tuje kwenye kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu huharibu miezi ya mazoezi mazuri: kilomita 10 za kwanza. Miguu imepumzika, umati unakusukuma, na 5:30 inahisi kama matembezi. Sekunde 10 kwa kilomita zinakupa akiba ya 1:40 kufikia kilomita ya 10. Gharama yake iko kwenye glaikojeni, wanga uliohifadhiwa mwilini. Aliyekula vizuri siku mbili tatu kabla huwa na takribani gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini, kila gramu ikitoa kilokalori nne. Kukimbia hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 65 anahitaji zaidi ya 2,700 kufika mwisho. Akiba ya wanga haitoshi, na mafuta ya mwili ndiyo huziba pengo. Lakini kadiri unavyoongeza kasi ndivyo misuli inavyochoma wanga mwingi zaidi na mafuta kidogo zaidi. Wanga ukiisha kilomita ya 34, mafuta peke yake hayawezi kukupa kasi ile ile. Kushuka kwa sekunde 30 kwa kilomita katika nane za mwisho ni dakika nne. Ulikopa 1:40, unalipa 4:00.

Hili haliwakuti wakimbiaji wa kawaida tu. Berlin mwaka 2022 Eliud Kipchoge alipita nusu kwa 59:51 akamaliza kwa 2:01:09, maana yake nusu ya pili ilimchukua 61:18. Chicago mwaka 2023 Kelvin Kiptum alipita nusu kwa 60:48, karibu dakika nzima nyuma ya muda ule wa Berlin, akakimbia ya pili kwa 59:47 na kumaliza kwa 2:00:35. Na mwaka 2017 huko Monza, Kipchoge alipojaribu kushuka chini ya saa mbili, alimaliza kwa 2:00:25. Sekunde 25 hizo ukizigawa kwa kilomita zote ni chini ya sekunde moja kwa kila moja.

Chakula cha njiani hakihitaji maneno mengi: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja, yaani pakiti ndogo ya wanga mzito wa kumeza, kwa kawaida ina gramu 20 hadi 25, basi kula ya kwanza dakika ya 30, kisha moja kila nusu saa, usisubiri kuishiwa nguvu. Iteremshe kwa maji. Ukiiteremsha kwa kinywaji cha michezo, sukari inazidi tumboni, tumbo linachelewa kuipitisha na kichefuchefu kinaanza. Kama hukuwahi kuila jeli hiyo kwenye mazoezi marefu, siku ya mbio si siku ya kuijaribu.

Vituo vya maji navyo hula muda kimyakimya. Vituo 12 kwa sekunde saba kila kimoja ni sekunde 84. Pita meza za kwanza zilizojaa watu, chukua kikombe meza za mwisho, kibane mdomo wake kiwe kama mfereji, unywe bila kusimama. Ukipenda kutembea ukinywa, tembea, ila hizo sekunde ziingie kwenye hesabu tangu nyumbani: kasi yako kati ya vituo iwe 5:38, si 5:40.

Ukifika kilomita ya 40, zimebaki 2.195. Kufidia dakika nzima hapo kunadai kila kilomita iwe pungufu kwa sekunde 27, jambo ambalo miguu iliyokwisha kukimbia 40 haiwezi. Sekunde 10 kwa kilomita inawezekana, ikakurudishia kama 20 kwa jumla. Kuchelewa zaidi ya hapo hakuponywi na moyo wa aina yoyote.

Kabla ya kujiandikisha tena, pima kama lengo lenyewe lilikuwa lako. Kanuni ya Pete Riegel, mhandisi wa Marekani, huzidisha muda wa nusu marathoni kwa 2.085. Nusu ya 1:55:00 inatoa 3:59:47, tena kwa siku isiyo na joto wala vilima, na kwa mtu aliyefanya mazoezi marefu ya kutosha. Wakimbiaji wengi wa kawaida huwa wazito kuliko kanuni hiyo, kwa hiyo mimi hutaka kuona nusu ya 1:53 kwanza. Aliyekosa saa nne kwa dakika moja akiwa na nusu ya 1:52 simbadilishii mazoezi, namrekebishia kona, jeli na kilomita 10 za kwanza. Mwenye 1:57 namwachia wiki tatu za mbio nyepesi, kisha tunafanyia kazi nusu kabla ya kuigusa marathoni.