Je, wajua kwa nini konokono kiangazi huwaoni, halafu mvua moja tu wamejaa ukutani?

Mtoto wa dada yangu alirudi na kazi ya sayansi, kila mwanafunzi apeleke konokono watatu wazima, na ndo mwezi wa nane huo, Mwanza yote vumbi. Tukazunguka nyuma ya nyumba hapa Nyegezi mchana kutwa, hata mmoja. Akaniambia, "Anko si twende ziwani, kule kwenye magugu wapo kibao." Nikamwambia ziwani hapana mjomba, nitakueleza.

Kwanza hawa wa nchi kavu hawajaenda popote, wamelala. Konokono mwili wake ni maji na ute mtupu, jua likimpata anakauka, kwa hiyo kiangazi anajivuta ndani ya gamba na kuziba mlango kwa ute wenye chokaa ambao ukikauka unakuwa mfuniko mweupe, mapigo ya moyo yanapungua, hali wala hanywi, na anaweza kukaa hivyo miezi. Ardhi ikilowa ndo anaamka, tena anapenda kutoka usiku.

Wawili tuliwapata chini ya jiwe (kwa mawe Mwanza hatujambo), wamejibana utadhani kokoto. Tukawaweka kwenye kitambaa kilicholowa, baada ya muda mfuniko ukalainika, povu kidogo, pembe zikaanza kuchomoza moja moja, zile ndefu ndo zina macho kwenye ncha. Dogo alipiga kelele kama kaona simba. Wa tatu tulimwagilia migomba jioni, tukarudi saa tatu usiku na tochi ya simu, huyo hapo anatambaa.

Sasa kwa nini sio ziwani. Kuna konokono mdogo wa majini, gamba lake bapa kama kamba iliyozungushwa ikalazwa chini, huyo ndo anabeba kichocho cha tumbo. Mtu mwenye minyoo akijisaidia ufukweni mayai yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinazaliana humo wiki kadhaa, kisha vinatoka maelfu kwa maelfu, vina mkia wenye panda, na vinatoka zaidi mchana jua likiwa kali, yani muda uleule watoto wanaoga. Vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda chochote, huhitaji hata kunywa maji. Minyoo yenyewe Mjerumani Theodor Bilharz aliiona Cairo mwaka 1851, lakini mpaka 1915 ndo Robert Leiper akaonyesha hukohuko Misri kwamba konokono ndo njia. Zile dawa za kichocho wanazogawiwa watoto mashuleni zinaua minyoo iliyokomaa, hazizuii kuambukizwa tena ukirudi majini kesho yake. Kwa hiyo mtoto asitumwe kuchota konokono ziwani na mikono mitupu, hata kama mwalimu kasema.

Kuwafuga ni rahisi, ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, mfuniko utoboe, udongo wenye unyevu, mchicha, na maganda ya mayai yaliyosagwa maana gamba linajengwa kwa chokaa. Chumvi isiwakaribie, inawavuta maji yote mwilini wanakufa vibaya. Ukiwashika nawa kwa sabuni.

Sisi tuliwapa na karoti. Asubuhi ya kupeleka shule ndoo ina vinyesi vya rangi ya chungwa kila kona, dogo karudi anacheka, eti mwalimu kauliza nani kawapaka rangi.