Wimbi lipite bila kuacha kivuli

Ninapoeleza kwamba kazi yangu ni kusanifu metamateriali (mata za kutengenezwa kwa vipande vidogo vinavyoongoza mawimbi) za kufichia vitu, wengi hudhani natafuta rangi inayomeza mawimbi ya rada. Kumeza hakutoshi. Kitu kinachomeza mawimbi yote hakirudishi mwangwi, lakini huacha kivuli nyuma yake, na kivuli hicho kinatosha kukifichua. Kinachotakiwa ni wimbi lizunguke kitu, likutane upande wa pili, kisha liendelee kana kwamba njia ilikuwa wazi.

Mwaka 2006 wanafizikia John Pendry, David Schurig na David Smith walionyesha kihesabu jinsi ya kufanya hivyo: nukta moja katika nafasi hutanuliwa ikawa tundu, na kwa kuwa milinganyo ya Maxwell, inayoeleza mwenendo wa mawimbi ya sumakuumeme, hubaki na umbo lile lile, mtanuko huo unaweza kuigwa na mata yenye tabia inayobadilika hatua kwa hatua. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, silinda ya shaba ilizungushiwa pete 10 za bodi nyembamba zilizochapwa vijipete vya shaba vyenye mwanya. Mwanya hufanya kazi ya kapasita (kihifadhi chaji) na kijipete kazi ya koili (waya uliozungushwa), hivyo kila kimoja huitika kwa nguvu kwenye masafa yake, yaani idadi yake ya mitetemo kwa sekunde. Watafiti walitumia gigahezi 8.5, ambako urefu wa wimbi ni kama sentimita 3.5, na kila kijipete kilikaa katika nafasi ya takriban milimita 3.3, ndogo kiasi kwamba wimbi halikitambui kimoja kimoja.

Ugumu uko kwenye muda. Wimbi linalopita karibu na tundu huenda njia ndefu zaidi, lakini lazima lifike sambamba na wenzake, kwa hiyo vilele vyake hukimbia kuliko mwanga katika ombwe. Vilele vinaruhusiwa kuupita mwanga, ishara inayobeba habari hairuhusiwi. Jambo hilo hupatikana tu katika ukanda mwembamba wa masafa, karibu na pale vijipete vinapoitika, na hapo ndipo shaba hupoteza nishati kwa joto. Silinda ya Duke yenyewe, iliyojengwa kwa hesabu zilizorahisishwa, ilipunguza mwangwi na kivuli bila kuvifuta, ingawa magazeti yalishangilia kama vile imetoweka.

Kwa mwanga wa kawaida, uliochanganya masafa mengi, sioni njia ya karibu. Lakini nguzo ya chuma inayoziba antena ya masafa mamoja haihitaji zaidi ya ukanda huo mwembamba.