Landrova 109 ya pikapu: anza na fremu, injini isubiri

Mtu akienda kukagua Landrova 109 ya zamani (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), kitu cha kwanza anachofungua ni boneti. Anawasha, anasikiliza mlio, anatazama moshi, kisha anaanza kubishania bei. Gari hili halifii hapo. Injini yake ya petroli ya cc 2286 ni ya chuma kizito, inavumilia, na hata ikiwa imekwama unaweza kuishusha ukaifungua mezani bila haraka. Kinachoamua kama pikapu inafaa kufufuliwa ni fremu, pamoja na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Vikiwa vimeoza hivyo viwili, kila shilingi utakayotia kwenye injini itakuwa imepanda juu ya kutu.

Ninayoeleza hapa yanahusu toleo la Series III, lililotengenezwa 1971 hadi 1985. Mengi yake yanafaa pia kwa toleo lililotangulia, Series IIA.

Wengi hudanganywa na bodi. Bodi ni ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesiamu. Land Rover waliuchagua mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Bati hilo halishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kupakwa rangi likang'aa huku fremu ya chini imebaki ganda tu. Fremu yenyewe ni sanduku refu la mabamba manne bapa ya chuma cha takriban milimita 2, yaliyounganishwa kwa kulehemu kwenye pembe. Maji na tope huingia kupitia matundu, hukaa ndani, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona kutu upande wa nje, ujue ndani imeshamaliza kazi.

Kagua kwa nyundo ndogo na bisibisi butu. Gonga fremu nzima, sentimita tano kwa sentimita tano. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Anza na boriti ya nyuma inayobeba mwisho wa karasha (sehemu ya kubebea mzigo), kwa sababu huko ndiko tope la magurudumu na maji ya mzigo huishia. Pikapu iliyobeba samaki Tanga au Lindi karibu lazima iwe imeoza pale. Nenda kwenye mikono ya pembeni inayobeba kabini, kisha pale tangi la mafuta linapokaribiana na fremu, maana tope hujaa katikati na halikauki. Malizia na ncha mbili za mbele zinazoshika springi. Kwenye ukuta wa injini tazama sakafu ya miguu, chini ya nguzo za milango, na kona za juu karibu na vile vidirisha vya hewa.

Kuchomelea ndiyo hatua inayoharibu magari mengi kuliko kutu yenyewe. Fundi anakata mkono mmoja wa kabini, fremu inajikunja kidogo, naye anachomea mkono mpya hapohapo ilipojikunja. Baadaye milango haifungi na hakuna anayejua kwa nini. Kabla ya kukata chochote, weka fremu kwenye stendi nne zilizosawazishwa, pima mlalo wa pembe kwa pembe pande zote mbili, na uandike vipimo. Kwenye uwazi wa kila mlango chomea nondo ya muda kutoka nguzo ya mbele kwenda ya nyuma. Tengeneza upande mmoja hadi mwisho, pima tena, ndipo ugeukie wa pili. Tangi la mafuta, lililo chini ya kiti cha kulia, litolewe kabisa na lipelekwe mbali. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Chomoa betri na nyaya za altaneta.

Kiraka kiwe cha milimita 2 au 2.5. Kiraka cha milimita 4 kinaonekana imara, lakini pembezoni mwake chuma chembamba cha zamani ndicho kinachobeba mtikisiko wote wa barabara, na kinapasuka kwa mstari ulionyooka kando ya weldingi. Kata hadi ufike kwenye chuma safi, hata kama tundu litakuwa kubwa mara tatu ya ulivyotarajia. Kuchomea juu ya kutu ni kuifunika tu. Fremu ikiwa imeoza zaidi ya theluthi, mimi nashauri uache viraka. Uingereza bado kuna karakana zinazotengeneza fremu mpya zilizochovywa kwenye zinki. Usafirishaji ni ghali, lakini hesabu yake huwa nafuu kuliko miaka mitatu ya kurudi kwa fundi weldingi.

Weldingi ikishamalizika, rangi ya ndani ya sanduku imeungua na huwezi kuifikia kwa brashi. Hapo tumia nta ya kuzuia kutu, ipulizwe ndani kwa mpira mrefu kupitia matundu ya fremu, ukiiacha ipenye siku mbili mahali penye joto. Watu wengi humwaga mafuta machafu ya injini. Yana asidi na masizi, na yakigusa bushi za mpira huzilainisha. Matundu ya kutoa maji chini ya fremu yabaki wazi daima. Kila baada ya masika yapitishie waya.

Adui mwingine ni pale alumini inapogusana na chuma. Chumvi na unyevu vikiingia katikati, metali mbili hizo hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kama malengelenge, hasa chini ya milango na kwenye bolti za karasha. Safisha hadi uone metali, paka praima ya zinki pande zote mbili, weka utepe wa mpira au wosha za nailoni katikati, na kila bolti ipakwe grisi kabla ya kuingia. Gari la Dodoma linaweza kukaa miaka mingi bila shida hii; la Mombasa litaionyesha mapema.

Springi zikishuka kwa kazi ya fremu, badilisha bushi zote (mipira midogo iliyo kwenye ncha za springi). Kuna kosa moja linalojirudia sana: bolti za bushi hukazwa gari likiwa bado juu ya jeki. Mpira wa bushi hizi umeshikana na chuma chake, haujizungushi. Ukikaza springi zikiwa zinaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejipinda muda wote na unachanika ndani ya miezi. Funga bolti kwa mkono, shusha gari, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu kamili.

Breki za 109 ni za dramu ya inchi 11, na mbele kila gurudumu lina wili silinda mbili (silinda ndogo zinazosukuma viatu vya breki). Ndiyo maana watu wengi hupampu siku nzima na pedali bado inazama. Hewa hunasa kwenye bomba dogo linalounganisha silinda hizo mbili. Njia inayofanya kazi ni kukaza ajasta zote (skrubu za kurekebisha viatu) hadi viatu vya breki vishike dramu kabisa, ili pistoni za silinda zisisogee mbali ukikanyaga pedali, kisha utoe hewa ukianza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali. Ukimaliza, legeza kila ajasta hadi gurudumu lizunguke huru. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 pekee. Mafuta ya haidroliki au ya injini huvimbisha mipira yote ya mfumo, na ukishayatia hakuna kusafisha, ni kubadilisha kila mpira. Kwa kuwa mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, yabadilishe kila miaka miwili, na Pwani usichelewe hata mwezi.

Ukikuta oili ndani ya dramu ya nyuma, usikimbilie sili. Tazama kwanza kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, joto husukuma oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) itokee kwenye sili hata kama ni mpya.

Mbele kuna lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya gurudumu, ambalo gurudumu hulizunguka usukani ukigeuzwa. Likipata vishimo vya kutu, hakuna sili itakayozuia uvujaji. Vishimo vichache unaweza kuvijaza kwa gundi ya epoksi na kusugua kwa msasa laini. Vikiwa vingi, nunua tufe jipya. Kila upande unabeba nusu lita ya oili ya EP90, oili nzito ya gia. Gari likiwa na habu za mbele za kutenganisha magurudumu na ekseli, ziunganishe na uendeshe kilomita chache kila mwezi, la sivyo joini za ndani hukauka.

Oili ya giaboksi na ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ipimwe pamoja, siku moja. Giaboksi inachukua lita 1.5, transfa lita 2.5, zote EP90. Ukikuta giaboksi imepungua na transfa inafurika, hakuna oili iliyopotea: sili iliyo katikati imekufa na oili inahama. Anayejaza giaboksi kila wiki bila kufungua tundu la transfa atasababisha uvujaji mahali pengine. Kitufe cha njano ndani ya kabini kikibonyezwa, ekseli ya mbele inaingia. Hakuna difu ya katikati, kwa hiyo usiendeshe hivyo kwenye lami kavu. Shafti hujikaza na kitu cha kwanza kuvunjika mara nyingi ni hafushafti, shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu.

Sasa injini. Nafasi ya tapeti zote, za valvu za kuingiza na za kutoa, ni milimita 0.25. Kuna njia ya haraka: jumla iwe tisa. Valvu ya kwanza ikiwa wazi kabisa, pima ya nane; ya pili ikiwa wazi, pima ya saba, na kuendelea. Pengo la platini ni milimita 0.35 hadi 0.40, la plagi 0.75 hadi 0.80, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Oili ni 20W-50, lita 6, na karibu lita moja zaidi ukibadilisha filta. Bolti kubwa za silinda hedi zikazwe kwa futi-pauni 65, kwa awamu tatu, ukianzia katikati kwenda nje.

Gari likisitasita ukikanyaga mafuta na plagi zikiwa nyeusi, mara nyingi ni kabureta ya Zenith. Uso wa sehemu ya juu hupinda kwa joto na petroli huvuja ndani. Weka msasa laini juu ya kioo nene, sugua uso huo kwa mzunguko hadi uwe bapa, kisha badilisha ule mpira mdogo wa mviringo ulio ndani. Thamostati usiitupe, hata kama fundi anakushauri. Injini inayokimbia baridi huacha petroli ishuke kwenye oili, na silinda huisha mapema.

Kwenye umeme, taa hafifu karibu kila mara ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Bodi ya alumini hupitisha umeme vibaya kwenye bolti zenye kutu, kwa hiyo vuta waya mmoja wa ethi moja kwa moja kutoka kila taa hadi kwenye fremu.

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, gusa habu zote nne kwa kiganja. Ile yenye joto kuliko nyingine ina breki inayoshika au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Mchezo wa beringi unatakiwa uwe milimita 0.10 hadi 0.15. Kwenye kilomita 800 kaza tena hedi injini ikiwa baridi, pima tapeti upya, na pitia yubolti zote za springi (bolti zenye umbo la U) kwa spana.