Kibali cha sherehe ya Uhuru? Kibali kipi?

Kila ikikaribia Desemba simu yangu haitulii. Leo ni katibu wa kamati ya sherehe wa mtaa fulani kule Kisasa, kesho kijana wa kikundi cha baiskeli, na swali ni lilelile: "Dada, kibali cha sherehe ya Uhuru nakipata wapi?" Nami hujibu kwa swali: kibali kipi?

Nimeratibu matukio Dodoma tangu haijawa jiji. (Tangazo la jiji lenyewe lilitolewa kwenye sikukuu, Muungano wa 26 Aprili 2018, Uwanja wa Jamhuri.) Wengi wanadhani ipo karatasi moja inayofungua milango yote. Haipo. Kuna taarifa na kuna vibali, na taarifa si kibali.

Taarifa ni ya polisi. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano barabarani au mahali pa umma apeleke taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla ya shughuli. Barua itaje mahali, saa na madhumuni. Ukishaifikisha unaendelea na maandalizi yako, isipokuwa ukiletewa amri ya kuzuia. Amri hiyo unaweza kuikatia rufaa kwa waziri, ila kwa sherehe ya siku moja, hadi rufaa isikilizwe pilau limeshapoa.

Hizo saa 48 ndizo zinazoangusha watu, kwa sababu sikukuu ina tabia ya kukaa pabaya kwenye kalenda. Chukua mwaka 2024: 9 Desemba iliangukia Jumatatu. Matembezi ya saa 3 asubuhi siku hiyo, taarifa yake ilitakiwa iwe imefika kabla ya saa 3 asubuhi ya Jumamosi. Kituo cha polisi hakifungwi, sawa. Lakini ukiambiwa ukalete barua ya uwanja kutoka jiji, utaitoa wapi wakati ofisi za serikali zilifungwa Ijumaa saa 9:30 alasiri? Mimi nimejiwekea wiki mbili, na nakala yangu lazima igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri huwa haikupelekwa, hata kama uliipeleka kwa miguu juani.

Barua yangu ya kwanza ilirudishwa. Nilikuwa nimeandika kwa madaha kuhusu kuenzi waasisi wetu, kurasa mbili nzima. Afande wa mapokezi akaisoma yote kwa utaratibu, akaniangalia juu ya miwani.

"Inaisha saa ngapi?"

"Jioni, afande."

"Jioni ya saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akanipa kalamu.

Vibali sasa. Uwanja una mwenyewe: Nyerere Square au Chinangali unaandikia Jiji, ukipitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata ili wasije wakashangaa spika zikishushwa. Wazee bado watakuambia "kaulize CDA", ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, lakini ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikahamia halmashauri. Malipo yoyote yaje na kontrol namba; anayetaka ya mkononi, muage kwa heshima. Kufunga barabara ya mtaa kunahusu TARURA, barabara kuu TANROADS, na kwa vyovyote trafiki wajue. Ukileta wasanii na kiingilio, muone afisa utamaduni akuelekeze taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kuna mzee aliwahi kuniuliza kama ngoma ya muheme nayo inahitaji haya yote, maana haina hata waya wa umeme. Nilimwambia ngoma haina shida, shida ni watu mia tano watakaokuja kuitazama.

Kelele ziko chini ya kanuni za mazingira za mwaka 2015, zinazosimamiwa na taasisi ya taifa ya mazingira (NEMC), na sikukuu haizisimamishi. Spika zielekeze uwanjani, siyo dirishani kwa mgonjwa. Droni ya mpiga picha wako inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hapa si jambo la kufanyia mzaha: kiwanja cha ndege kiko katikati ya mji. Fataki na kuchoma matairi, sahau.

Kuna jambo moja sifanyi hata nikilipwa mara tatu: disko toto la ukumbini. Idi el Fitri ya Oktoba 2008, Tabora, watoto wapatao 20 walikufa ukumbini kwa msongamano. Wanakamati vijana wakiniona mkali kuhusu milango ya kutokea, ni kwa sababu hiyo. Jukwaa halikai mbele ya lango, jenereta halikai karibu na jiko la mama lishe, na njia ya gari la wagonjwa naitembea mwenyewe asubuhi nikihesabu hatua.

Halafu upepo, ambao hauna ofisi ya kuandikia barua. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia msimu wake. Mwaka mmoja, sherehe ya Saba Saba kule Ilazo, niliwaachia vijana wafunge turubai kwa madumu ya maji ya lita 20. Dumu moja ni kilo 20 tu. Saa 8 mchana upepo ukaingia kwa chini, turubai likavimba, likanyanyuka na madumu yake yakining'inia, likaenda kutua juu ya paa la jirani. Hakuumia mtu kwa kuwa wageni walikuwa foleni ya chakula. Bati nililipa mimi, na haki yake.

Tangu hapo nafunga kwa nondo nene zilizopigwa kwa nyundo, zikiwa zimelala kinyume na kamba. Kiangazi ardhi yetu ni kama saruji, nondo ikiingia imeingia. Desemba ni hadithi nyingine: mvua za kwanza zikishanyesha udongo unalegea, na nondo ile ile unaing'oa kwa mkono mmoja. Hapo naongeza pipa la lita 200 kila kona, na ubavu unaoelekea upepo naufunga hadi chini ili usiingie.

Mwaka huu barua ya kwanza imeshaletwa kwangu niipitie. Mahali wametaja, madhumuni yapo, simu za wanakamati watatu zipo. Kwenye muda wameandika "hadi usiku". Nimewarudishia, pamoja na kalamu.