Mponyaji anatoa wapi dhahabu?

Juzi kijana mmoja wa Kadutu, anayecheza World of Warcraft Classic kama mimi, mchezo wa mtandaoni, aliniandikia: «Yaya, kasisi wangu amefika kiwango cha 40 na feza ya farasi hana. Nakosea wapi?» Nikamuuliza amejifunza ufundi gani. Ushonaji na kutia vifaa uchawi, akasema. Nikacheka peke yangu, maana hata mimi nilianzia hapo hapo.

Katika mchezo huo nimekuwa kasisi, yaani mponyaji wa wenzake, tangu 2019. Mponyaji pointi zake zote za ujuzi ziko kwenye kuponya, kwa hiyo akiwa peke yake porini anaua polepole mno. Wengine hubadilisha pointi wakawinde, kisha wanazirudisha siku ya kuingia pangoni na kikosi. Mara ya kwanza mwalimu anatoza dhahabu 1, lakini bei hupanda hadi 50. Ukifika huko, kwenda na kurudi ni 100. Farasi na mafunzo yake ndiyo hiyo imeenda.

Ushonaji na uchawi wa vifaa vinafaa kwa aliyeshiba, maana vyote viwili vinakula kwanza ndipo vilishe. Mimi namwambia mponyaji achume majani, kwani jani halipigani. Mchezo unaruhusu fani kuu 2 tu. Ya pili iwe kutengeneza dawa. Dawa kubwa ya mana, yaani nguvu ya kuponyea, inataka majani ya Dreamfoil 3, ya Icecap 2 na kichupa 1. Inarudisha mana 1350 hadi 2250, na baada ya dakika 2 unaweza kunywa nyingine. Anayeinunua ni mponyaji mwenzako, na kiu yake unaijua.

Kwenye sava za Ulaya mapango makubwa hufunguka upya Jumatano, basi dawa ziwe mnadani kabla vikosi havijaingia. Nyumba ya mnada inakata 5%: ukiuza kwa dhahabu 3, unaiachia sarafu 15 za fedha. Na kabla ya kupika, yahesabu majani kana kwamba umeyanunua, hata kama umeyachuma mwenyewe. Hapa ndipo wengi wananigomea, eti majani yao ni ya bure. Bure gani, na mega zimeisha ukizunguka msituni? Mama wa sambaza, wale samaki wadogo, haziweki juani kabla hajajua mbichi zinauzwaje. Siku majani mabichi yanalipa kuliko dawa, uza mabichi.

Kuhusu yule kijana, ushonaji asiutupe. Baadaye atashona kitambaa cha mwezi, kando ya kisima cha mwezi, kimoja kila siku nne hivi. Ndicho kinachotoa mfuko wa nafasi 16, na sijaona mchezaji anayesema mifuko imemtosha. Atupe uchawi wa vifaa, achume majani, ayauze bila kuyapika.

Amekubali, ila amenuna.